Kicheko cha Kuazima

Haya nimeyapata kwa Kaltumu mwenyewe, mwezi uliopita, siku ya pili ya Idi, tumekaa nyuma ya nyumba yake Mbugangari, hapa Gisenyi, tunachagua mchele. Mimi nilitoa mawe, yeye alitoa maneno. Nimeyaandika kama alivyoyasema, isipokuwa matusi mawili ambayo hayakuongeza kitu.

Wiki iliyopita tulimwacha Verediane amesimama mlangoni pa studio, flash ya filamu mkononi, hajasalimia. Na Verediane ni mtu wa kusalimia hata mbuzi.

Kwa waliokosa gazeti: Kaltumu kazi yake ni montage. Hamdani anapiga picha za harusi kwa kamera, yeye anazikata na kuziunga kwenye kompyuta, mpaka saa tisa za watu kukaa na kula zinakuwa filamu ya saa moja na nusu ambayo mtu ataitazama bila kusinzia. Wiki tatu nyuma walipiga picha za gusaba, siku ukoo wa Verediane ulipovuka mpaka kutoka Goma kuja kumuomba Ishimwe, binti wa Saidati muuza vitenge, awe mke wa Ganza. Ganza ni mtoto pekee wa Verediane. Upande mmoja wanaswali, mwingine wanakwenda misa, na mambo hayo yalishamalizwa. Harusi ni Jumamosi. Siku hii tunayoisema ni Jumatano.

Na kwenye filamu, Régis, msemaji wa watu wa Goma, anapotaja jina la marehemu Narcisse, mume wa Verediane, baba wa Ganza, uso unaofuata ni wa Saidati. Anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana.

"Fungua machine yako," alisema Verediane.

"Karibu, maman. Kaa kwanza."

"Sikukuja kukaa. Weka pale."

"Pale wapi?"

"We unajua pale wapi."

Kaltumu alijua. Aliweka flash, akasogeza filamu mpaka pale. Régis akasema: "Marehemu Narcisse angelikuwa hapa leo, angelisimama yeye mwenyewe." Saidati akacheka.

"Rudisha."

Saidati akacheka tena.

"Rudisha."

Mara ya tatu Verediane aligeuka akamtazama Kaltumu badala ya kompyuta.

"Batu makumi ine walikuwa kwangu nyumbani, salon, siku ya Jumapili. Tulipika. Tulifunga rideaux za madirisha. Mama mukwe yangu ana miaka makumi nane na mbili, tukamukalisha mbele, karibu na télé. Kisha bamwana yangu anacheka bwana yangu mwenye alikufa. Mbele ya mama mwenye alimuzaa!"

Bamwana ni mzazi mwenzako kwa ndoa ya watoto, mtu unayemchagulia kiti kizuri na kipande kizuri cha nyama. Verediane alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu.

"Donc Jumamosi hakuna gari, hakuna voiture hata moja itavuka. Nimemwambia Ganza. Analia. Alie."

Kaltumu alitazama meza. Kile kicheko alikiweka yeye.

Nieleze kidogo, halafu tuendelee. Hamdani ana kamera moja na nusu, maana ya pili ikipata joto inazimika. Msemaji anasema dakika ishirini. Ukimwacha peke yake dakika zote hizo, hata awe na akili namna gani, ataonekana mjinga. Kwa hiyo unakata, unaweka uso wa mtu anayesikiliza, unarudi. Uso wa msikilizaji ndio unampa msemaji akili; fundi wa Bukavu alimfundisha Kaltumu hivyo. Na nyuso hizo si kila mara zinapatikana papo hapo. Unaazima. Mzee aliyetikisa kichwa saa nne unampeleka saa nane, akatikisie jambo jingine, na hakuna mzee aliyewahi kulalamika. Mwaka jana bwana harusi mmoja alipiga miayo kumi na moja mbele ya padri. Kwenye filamu hakupiga hata mmoja. Mkewe mpaka leo anasifu jinsi alivyokuwa makini.

Sasa, pale penye jina la Narcisse mwanzoni paliwekwa wimbo. Wimbo wa furaha, nyuso zinacheka, Régis anachezesha mdomo tu, hasikiki. Kisha simu ikaja kutoka Goma: bibi wa Ganza, mama yake Narcisse, anataka kusikia maneno yote, toeni huo wimbo. Kaltumu akatoa wimbo, akapandisha sauti ya Régis, akatuma kazi.

Hakutazama tena. Alikuwa na harusi nyingine mbili zinangoja na macho yamewaka moto. Kosa lote ni hilo.

Kaltumu akinyamaza, Ishimwe atakaa Jumamosi amevaa, amepakwa hina, anatazama barabara. Akisema kweli, basi kuanzia hapa mjini mpaka Rubona watu watajua kwamba Kaltumu anabandika nyuso, na nani atamletea harusi yake? Studio ile ndiyo shamba lake, hana jingine.

"Maman," alisema. "Kile kicheko si cha pale."

"Ni ya wapi?"

"Cha asubuhi. Régis alikaa, kiti cha plastiki kikavunjika. Watu wote walicheka. Hata wewe ulicheka."

"Mi sikucheka."

"Ulicheka, maman. Nilikukata."

Verediane akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Subiri. Unasema ulitoa kicheko ya Saidati kwa kiti, ukabandika kwa bwana yangu?"

"Ndiyo, njo vile."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Kulikuwa na wimbo juu yake. Mkasema niutoe. Nikautoa, kicheko kikabaki."

"Donc ni kosa ya mama mukwe yangu."

"Ni kosa langu. Sikutazama tena."

Verediane alifikiri. Alikuwa mwanamke aliyeuza samaki miaka ishirini na anajua kulifunua shavu la samaki kabla ya kuamini rangi yake.

"Mutu mwenye anaweza kubandika kicheko," alisema, "anaweza kubandika na kiti. Nataka picha nzima. Bila kukata. Tangu Régis anakaa mupaka ule mwanamuke anafunga kinywa. Nikiona, tutavuka. Nisipoona, basi."

Wakati ule ule Hamdani akaingia, begi la kamera begani, haraka miguuni.

"Hamdani! Kadi ya kamera, ile ya gusaba ya kina Ishimwe, iko wapi?"

"Iko hapa mfukoni."

"Alhamdulillahi."

"Nimeifuta asubuhi. Nina ubatizo Rubona."

Kaltumu alimgeukia.

"Yote?"

"Da Kaltumu, kadi inafutikaje nusu?"

Verediane akasimama, akachukua mkoba. "Ni saa nane. Mi nawahi barrière ya mupakani."

"Maman, ngoja!"

Kaltumu ana desturi moja ambayo mafundi wengine wanamcheka kwayo. Hafuti picha mbichi za harusi mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Kulikuwa na wawili wa Cyanzarwe walioachana kwa kelele, wakachoma filamu yao, halafu wakarudiana na kuja kumlilia awape nyingine. Tangu siku ile anaweka nakala kwenye diski, na diski anaiweka nyumbani ndani ya ndoo ya mchele, kwa sababu unyevu wa ziwa unakula mashine kuliko panya.

"Hamdani, panda moto, pikipiki yoyote, nenda nyumbani, lete diski. Iko kwenye ndoo ya mchele."

"Na ubatizo?"

"Mtoto hatakua ndani ya nusu saa."

Hamdani alirudi baada ya dakika ishirini, amekumbatia ndoo nzima, dereva wa pikipiki akimtukana nyuma. Alisema hakutaka kutia mkono kwenye mchele wa watu. Kaltumu alitia wake mpaka kwenye kiwiko, akatoa diski, akaipuliza, akaichomeka.

Saa nne na dakika kumi na mbili, asubuhi ya gusaba. Régis anaingia na koti jipya. Anatazama kiti. Anakaa. Kiti kinafungua miguu kama ndama, na Régis anatoka kwenye picha kwa upande wa chini.

Saidati anacheka. Jino la nyuma linaonekana. Nyuma yake, ameshika bega la jirani ili asianguke, kuna mwanamke mwingine anacheka kuliko wote.

"Ule ni mimi?"

"Ni wewe, maman."

Verediane alisogea karibu. "Nguo haikunitosha mugongoni."

"Nilikata na hiyo."

Hapo kidogo uso wa Verediane ulilegea. Alifungua mkoba, akatoa leso, akajifuta shingo, akaufunga.

"Bon. Jumamosi tutavuka."

Kaltumu alihema. Angezima kompyuta pale pale tungemaliza, mimi na wewe tungeenda kupika. Kazi nzima ya kukata ni kujua pa kuzima. Lakini alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatatu, na mkono ulichelewa.

"Na pale penyewe?" aliuliza Verediane.

"Pale wapi?"

"Régis alipotaja Narcisse. Kama hakucheka, alikuwa anafanya nini?"

"Sikumbuki, maman. Nilipapitisha haraka. Amejifunika mtandio, nikadhani anafuta jasho."

"Weka."

Kaltumu akaweka. Saa nane na dakika arobaini, mchana wa gusaba. Sauti ya Régis inatoka mbali. "Marehemu Narcisse angelikuwa hapa leo..." Kamera ya pili iko kwa Saidati. Mwanzo ametulia, kama mama yeyote anayetoa binti. Jina linapita. Saidati anashika ncha ya mtandio, anauweka mdomoni, mabega yanaanza kutikisika. Machozi yanashuka mpaka kwenye mkono. Midomo inasema kitu chini ya kitambaa. Hakuna jasho linalofutwa namna ile.

Ilichukua karibu dakika mbili. Kwenye montage dakika mbili ni mwaka.

"Analia," alisema Hamdani, ambaye hakuulizwa.

"Ninaona," alisema Verediane.

"Kwani alimjua mzee?"

"Hamdani," alisema Kaltumu, "nenda Rubona."

Hamdani akaenda Rubona.

"Rudisha," alisema Verediane.

Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. Alitazama mara tatu, kama alivyotazama kicheko.

"Bwana yangu amekufa miaka kenda. Saidati nilimuona mara ya kwanza mwezi wa pili, mwaka huu, watoto walipotukutanisha. Alinipa mukono, akaniambia nimefurahi kukufahamu. Sasa hii analia ni ya nini?"

"Labda amemkumbuka baba yake mwenyewe. Watu wanalia kwenye harusi, maman. Nina diski tatu za watu wanaolia."

"Mutu akikumbuka baba yake anaangalia chini. Huyu anaangalia Ganza. Na Ganza ni Narcisse mutupu, hata masikio."

Kaltumu alisogeza picha mpaka kwa bwana harusi. Aliangalia masikio ya Ganza. Yalikuwa masikio ya kuonekana.

Hapa ningedhani Verediane atapiga kelele, na Kaltumu naye alidhani hivyo, akajiandaa kufunga mlango. Verediane alikunja leso mara nne.

"Jumapili nililia kwa sababu alicheka," alisema. "Leo ninaomba arudi kucheka."

"Maman?"

"Hii hakuna mutu ataiona. Ile ya kicheko batu watasahau, ni kiti, ni machine. Lakini hii? Mama mukwe yangu akiiona ataniuliza maswali, na mi sina majibu. Futa."

"Sifuti mpaka mtoto azaliwe."

"Kaltumu!"

"Ni desturi yangu. Mngemuuliza Hamdani kama mnataka kufuta."

Wakatazamana. Kisha Verediane akatazama ndoo.

"Basi irudishe kwenye muchele. Na usipike huo muchele."

Alitoa simu, akapiga Goma, akaweka sauti kubwa, akaiweka mezani katikati yao. "Wako wote kwangu, wanangoja nirudi. Waambie. Ukiulizwa pale penyewe alikuwa anafanya nini, sema Hamdani alikuwa anabadilisha betri."

Na hivyo Kaltumu, aliyekuwa anaogopa mtu mmoja ajue, aliiambia salon nzima. Alisema kicheko ni cha kiti. Alisema alikibandika. Alisema aliondoa wimbo bila kutazama tena, na kwamba Mama Ishimwe hana kosa. Alipomaliza, mtu upande wa pili alivuta kiti karibu na simu.

Kisha ikaja sauti ya kizee, ya bibi yake Ganza.

"Ee mutoto. Unaweza kutoa mutu kicheko kwa hapa, kuweka kwa kule?"

"Ndiyo, koko. Nisamehe."

"Na ile yangu, penye natabasamu, ilikuwa ya wapi?"

Kaltumu alifunga macho. "Ulikuwa unaona soda inaletwa, koko."

"Usiitoe. Nilionekana muzuri."

Salon ikalipuka. Mtu akasema kiti cha Régis lazima kiwekwe kwenye filamu, maana Jumamosi itaonyeshwa tena ukumbini kwenye kitambaa kikubwa, mbele ya koo zote mbili. Régis akasema hapana. Wakapiga kura. Régis akashindwa.

Verediane alizima simu, akasimama, akajinyoosha nguo mgongoni.

"We mutoto ni mujinga, lakini umenisaidia," alisema. "Sasa Gisenyi na Goma wanajua kama unabandika. Hata siku moja ile ya machozi ikitoka, watasema ni Kaltumu alibandika."

Akaenda kuwahi barrière. Mlangoni aliaga vizuri, na barabarani akasalimia mbuzi wa jirani.

Kaltumu alikaa akingoja studio ife. Saa kumi simu ikalia.

"Ni Mukandori wa Rubona. Ulinifanyia harusi mwaka jana. Nasikia unaweza kubandika?"

"Nani kakuambia?"

"Mutu wa Goma. Sikiliza, wifi yangu siku ile alinuna mwanzo mupaka mwisho. Unaweza kumuchekesha?"

Nusu saa baadaye akapiga Kabatesi. Mume wake alichelewa kanisani saa nzima. Je, kwenye filamu anaweza kuwahi? Mpaka magharibi walikuwa sita. Mmoja alitaka mvua itolewe. Kaltumu aliandika majina yao kwenye kalenda ya ukutani. Hakujua afurahi au akaswali.

Aliswali. Kisha akarudi mezani kurudisha diski kwenye mchele, na hapo ndipo alipokumbuka maikrofoni.

Siku ya gusaba Saidati alipangwa kusema neno la shukrani. Kwa hiyo asubuhi Hamdani alimfunga kifuani maikrofoni ndogo, kama kidole cha mtoto, yenye kuhifadhi sauti peke yake. Wakati wa shukrani ulipofika, Saidati alisema koo linamuuma, hakusema. Sauti ile ilikaa kwenye diski wiki tatu, hakuna aliyeifungua.

Kaltumu alivaa visikilizio. Akatafuta saa nane na dakika arobaini.

Kitambaa kinakwaruza. Régis yuko mbali, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Pumzi. Pumzi nyingine, nzito. Kisha Saidati, chini kabisa, karibu na sikio kuliko mtu yeyote alivyowahi kusema na Kaltumu:

"Narcisse we. Si nilikuambia? Nilikuambia nitaingia kwenu. Wazazi wako walinifungia mulango juu ya dini, nimepita kwa mutoto."

Kaltumu alivua visikilizio, akaviweka shingoni. Alitazama ndoo. Ilikuwa ndoo ya kawaida, ya buluu.

Simu ikatoa mlio. Ganza: *Dada, mama amefika. Amekula, amelala, hajagombana na mtu. Aksanti sana.*

Ikatoa mlio tena. Saidati.

*Kaltumu mwanangu, nimesikia mambo ya kicheko, nimecheka tena. Nakuuliza kitu. Kile kidude mlichonifunga kifuani, siku ile kilikuwa kinasikia?*

Kaltumu aliandika *hapana*, akafuta. Aliandika *sijui*, akafuta. Kazi yake ni kukata, lakini kwa mama mwenye umri ule aliona haya kukata kweli. Akaandika: *Ndiyo, mama.*

Alama mbili zikageuka buluu. Saidati akaandika, akaacha, akaandika. Kaltumu alizima kompyuta, akaizika diski ndani ya mchele, akatandika mkeka nyuma ya meza, akajilaza na simu juu ya kifua. Ilikuwa saa moja na nusu. Nje mwanga ulishazimika upande wa ziwa.

Ujumbe ukaingia.

*Basi Verediane usimpe sauti hiyo. Uifiche mpaka Jumamosi. Halafu uweke pale penyewe, sauti yangu na machozi yangu, bila kukata, kwenye kitambaa kikubwa, mbele ya watu wote. Mama yake Narcisse akae mbele. Nimemeza dawa ya kichwa, nalala sasa. Usinipigie.*

Kaltumu alisoma mara moja. Alisoma mara ya pili. Mara ya tatu alifika kwenye *bila kukata*, simu ikateleza kwenye mkeka, na hakuifuata; usingizi ulishamkata.